Ngozi Alizokataa Kukwangua

Justine Merasty alikuwa ameiinamia ngozi ya biva, mnyama wa majini ajengaye mabwawa kwa miti, ameilaza juu ya gogo manyoya yakiwa chini, anasukuma mafuta kwa kisu, shemeji yake Baptiste alipofungua mlango bila kubisha. Akatua gunia sakafuni kwa kishindo. Ndani yake zilikuwa ngozi zake za msimu mzima, zimeganda kwa baridi, bado zina nyama na mafuta.

"Shemeji, nimekuletea wachumba. Wasugue wapendeze."

"Wana sura yako," Justine alijibu bila kuinua kichwa. "Sabuni haitatosha."

Kwetu sisi Wakrii, wenyeji wa misitu ya kaskazini mwa Kanada, shemeji wa kike na wa kiume hutaniana hadi mmoja azikwe, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Baptiste alijua kuutumia utani huo. Tangu kaka yake Solomon, mume wa Justine, afariki pale ziwa lilipoanza kuganda, kila alipokuta watu wamekaa alisema yaleyale: ama amrithi mjane pamoja na njia yake ya mitego, ama mjane amwachie njia. Watu walicheka, na Justine ikambidi acheke nao.

Jumamosi ile wategaji wangekutana kwenye ukumbi wa shule kuamua nani aishike njia ya Solomon, kila anayeitaka akionyesha ngozi zake za msimu. Justine aliitembea tangu alipokuwa bibi harusi, na majira haya ya baridi aliitembea peke yake, akatoboa barafu mwenyewe na kutega mwenyewe. Akinyang'anywa, angebaki dirishani kuwatazama wanaume wakipita kwenda kwenye mabwawa yake. Wazo hilo lilimtia hasira kuliko hata kifo kilivyomtia, na simlaumu.

"Mimi ninakwangua zangu," alisema. "Zako zikwangue mwenyewe."

Baptiste alicheka, akajimiminia chai. Mke wake alikuwa amekwenda zake mjini miaka mingi iliyopita, na tangu hapo ngozi zake zote zilipita mikononi mwa Justine. Alizoea hivyo. Hata kisu cha kukwangulia hakuwa nacho.

"Wee shemeji, mwanamume anatega, mwanamke anakwangua. Ndivyo ilivyo. Au unataka nifuge na nywele?"

"Utazipata wapi, na hicho kipara?"

"Basi olewa na mimi tuyamalize. Kitanda cha Solomon kinapata baridi bure."

Kisu kikateleza. Ngozi ilikuwa ya biva mkubwa kuliko wote aliowapata, na sasa ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Tundu dogo namna hiyo, ngozi ikishawambwa, hutanuka likawa dirisha, na bei ikaanguka. Baptiste alilichungulia na kupiga mluzi.

"Ona sasa. Mkono wa mwanamke."

Hapo Justine alitamani kumrushia kisu chenyewe. Badala yake alikifuta, akakiweka kando, akatafuta sindano. Alishona tundu kwa upande wa ndani, mishono midogo iliyobanana, Baptiste akiwa amekaa palepale anakunywa chai yake. Kisha akaitandaza ngozi ndani ya duara la fito na kuanza kuiwamba kwa kamba, akivuta kidogo upande huu, kidogo upande ule, bila kuvuta kwa pupa, maana ngozi iliyovutwa kupita kiasi manyoya yake huachana. Tundu halikufunguka.

"Gunia lako ondoka nalo," alisema.

"Nitalipitia Ijumaa, zikiwa safi."

Akatoka akiimba. Mbwa wake walikuwa nje wamefungwa kwenye sleji, gari la kuteleza thelujini wanalolivuta, wananusa mlango. Justine alilitazama gunia. Angeweza kulitupa kwenye theluji, na mbwa wangemaliza kazi kabla Baptiste hajageuka. Lakini biva hatupiwi mbwa. Anayefanya hivyo, biva wengine hawamjii tena, na biva hawa hawakuwa wamemkosea Justine kitu. Alilibeba gunia akalitundika juu mtini, mbali na meno, akarudi kwenye kazi yake. Ijumaa Baptiste hakuja. Labda alidhani akikawia, shemeji atalainika.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Justine alipanga ngozi zake mezani, za mviringo, zimekauka vizuri, manyoya yamechanwa. Baptiste alisimama mikono mitupu, na mara hii hakutania.

"Mwenyekiti, sina ngozi kwa sababu huyu amenikatalia. Kazi ya ukoo anaikataa, halafu anataka njia ya ukoo."

Kuna waliotikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti Ovide, ambaye naye ngozi zake hukwanguliwa na mkewe, alikohoa.

"Dada, ni kweli ulimkatalia?"

"Ni kweli." Justine alisimama. "Miaka yote hii nimezikwangua za Solomon na za huyu. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani. Sasa anataka nimsafishie ngozi ili aje nazo hapa kuninyang'anya njia. Nimsaidie kunipiga? Ziko mtini kwangu, zote, hakuna mbwa aliyezigusa. Gogo lipo. Aje, nitamfundisha. Kipara chake kitafaa kufanyia mazoezi."

Wanawake waliokuwa nyuma ndio walioanza kucheka, na kicheko kikaja mbele hadi kikamfikia Baptiste. Alikaa chini. Alinuna kabisa.

Ovide alizigusa ngozi moja baada ya nyingine. Ile iliyoshonwa aliigeuza mara mbili. Aliuliza kama yupo anayepinga, na waliotikisa kichwa mwanzoni wakawa wanaangalia viatu vyao.

"Basi njia inabaki pale pale," alisema, akamgeukia kijana aliyesimama na kalamu kwenye ramani ya njia za mitego ukutani. "Futa Solomon. Andika, Mjane wa Solomon."

"Hapana," Justine alisema.

Kijana akaishusha kalamu, akamgeukia.

"Mjane hakutoboa barafu. Mjane alikuwa nyumbani analia. Andika Justine."

Akabaki amesimama mpaka kijana alipomaliza herufi ya mwisho.