Madoa ya Bluu Bombo

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama mke wangu asingekuwa na tabia ya kuichomekea kila tukipata wageni, tena akiongeza chumvi, kwa hiyo bora niaibike kwa mdomo wangu mwenyewe.

Enzi hizo sukari ni ya kubahatisha, sabuni unaikata vipande, mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, na mimi nilikuwa kibarua kwenye utafiti wa uji wa watoto (msicheke, ulikuwa utafiti wa maana). Kina mama walifundishwa kutia unga wa kimea ili uji uwe mwepesi, maana kimea kina kimeng'enya kinachovunja wanga, lakini mate ya binadamu nayo yana kimeng'enya cha kazi hiyohiyo, na mkuu wetu, mama mmoja daktari kutoka Dar, alitaka kujua kipi ni cha kimea na kipi ni cha mtoto. Ndipo ikaletwa kingamwili kutoka nje, yaani dawa ya kunasa kitu kimoja tu, iliyotengenezwa na kizazi cha seli moja tu, isiyoshika kitu kingine ila kimeng'enya cha mtu. Ukidondosha mate kwenye karatasi yake, ukaipitisha kwenye hiyo kingamwili na dawa ya rangi, linatoka doa la bluu. Ukidondosha uji wa kimea, inabaki nyeupe.

Daktari akaniambia, "Kajiru, tunakwenda kuonyesha Bombo, na atakayefanya ni wewe. Ukifanya vizuri nakuombea ajira." Nisipofanya vizuri hakusema, ila nilijua mwenyewe: narudi kulima tangawizi.

Sasa Bombo, kijiji cha huko milimani, ndiko kwetu. Wenzangu walilala zahanati na vifaa vyao, mimi kwa kiherehere nikabeba sanduku mpaka kwa bibi yangu, ili aone mjukuu amekuwa mtu. Asubuhi nikalifungua, nikamwonyesha chupa ya chai iliyojaa barafu na dawa ndani yake, nikazipanga zile karatasi nyeupe mezani kama sahani za harusi.

"Bibi, hapa mikono marufuku. Hata ukucha!"

"Nimesikia, baba," akasema, nikaenda kuoga.

Zahanati palijaa. Nimevaa koti la mtumba lenye mikono mirefu kupita vidole, Bibi amekaa benchi la mbele na kitenge chake cha kanisani, na Mama Eliamini, mpishi wa uji wa watoto, ameleta sufuria ya uji alioupika tangu alfajiri. Nikahubiri weee, nikadondosha uji, nikachovya, nikaosha, nikachovya tena. Karatasi ikatoka na madoa ya bluu kila mahali, kama mtoto mwenye surua.

Hapo ningenyamaza tu, yangeisha. Lakini jasho linanitoka, Daktari ananitazama, ajira naiona inashuka mlima, basi nikafungua mdomo: "Dawa hii haidanganyi! Humu mna mate ya mtu. Aliyepika ameonja na mwiko, akaurudisha sufuriani!"

Mama Eliamini akasimama. "Mimi? Mimi nalamba uji wa watoto?" Kina mama wakaanza kunong'ona (na mjue, miaka ile ya njaa kumwambia mpishi amelamba uji wa watoto ni kumwita mwizi), mmoja akamvuta mwanawe akasema wake hanywi tena. Mama Eliamini akavua aproni. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikakaza shingo.

Daktari akasema taratibu, "Hebu fanya karatasi tupu. Usiweke kitu."

Nikafanya. Ikatoka bluu, madoa yaleyale.

"Kajiru, karatasi hizi zililala wapi?"

Kabla sijajibu, Bibi akainuka. "Zililala kwangu."

"Bibi! Si nilikwambia usiguse?"

"Ulisema mikono. Mimi nilitia mkono? Nilizibariki tu."

Kwetu mkubwa akikutakia heri kwenye jambo zito, anakamata maji mdomoni na kukupulizia, fuuu, huku anakuombea. Bibi yangu, mwimbaji wa kwaya kabisa, alisubiri nikiwa bafuni akazipulizia karatasi zote, hakuruka hata moja, ili mjukuu wake apate kazi.

Zahanati nzima ilicheka, Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kwenye mkoba wake alikuwa na karatasi nyingine, tukarudia: uji ukatoka mweupe pee, na mate (aliyejitolea ni Bibi, nani mwingine?) yakatoka bluu ya kukolea.

Nilimwomba radhi Mama Eliamini mbele ya wote. Akanipa mwiko. "Ulambe," akasema, "wakuone." Nikalamba.

Ajira nilipata. Bibi mpaka anaingia kaburini alisema ni kwa baraka zake, na sina cha kumpinga. Ila nilipokwenda kuposa, miaka ilishapita, nikadhani yamesahaulika, mama wa binti akanikaribisha kwa bakuli la uji na mwiko juu yake. Ndiyo, Mama Eliamini ndiye mkwe wangu. Tangu hapo nimeapa: simtaji mtu kwa lolote kabla sijajaribu karatasi tupu, na pakipotea kitu nyumbani naanza kutafuta kwenye mifuko yangu mwenyewe.