Huko Juu Hakuna wa Kuuwekea Jiwe

Swali lilikuwa fupi. Mpira unarushwa juu kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde. Ukifika juu kabisa, mchapuko wake ni kiasi gani? Mama aliandika sifuri, akaipigia mstari, akanisogezea karatasi kama mtu aliyemaliza kupakua chakula.

"Si sifuri," nikasema.

"Huko juu umesimama ama haujasimama?"

"Umesimama, kwa muda kidogo sana."

"Basi ni sifuri. Kitu kimesimama, unataka kifanye nini tena? Kicheze?"

Nilikuwa nikitikisa mguu chini ya meza. Huwa sijijui ninapoanza. Vikombe ndivyo hunisema, kwa kugongana.

"Na huo mguu," Mama akasema. "Unanitikisia mpaka namba."

Tulikuwa kwake Kiganjo, nyuma ya kibanda anakopikia mafundi wa mjengo. Miaka yote ambayo nyumba za kupangisha zimekuwa zikiota pale, Mama amewapakulia githeri ya mahindi na maharagwe watu wa mawe, watu wa simiti, watu wa mabati. Wa mwisho kuja huwa ni fundi wa stima. Huja nyumba ikiwa na paa tayari, akiwa na mkoba mdogo na mikono safi, na huondoka watu wakimwita kwa heshima. Mama alimtazama fundi huyo kwa miaka mingi. Kisha siku moja aliniambia, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, kwamba anataka kusomea stima.

Shule aliiacha kidato cha pili. Kwa hiyo ilibidi kwanza afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, na kozi aliyoitaka haikumpokea mtu asiye na fizikia. Alijiandikisha katika kituo kimoja mjini Thika, vyumba vya ghorofani juu ya duka la vipuri. Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana mdogo kuniliko. Alimwambia wazi kwamba atatoa mtihani wa majaribio, na atakayeanguka hatampeleka fizikia, atamhamishia bayolojia kabla usajili haujafungwa.

"Mathe, bayo ni ya kusoma," alimwambia. "Hii nyingine ni ya kuelewa."

Mama alirudi na maneno hayo kama mtu aliyetemewa mate. Akanipigia simu Mugutha, ninakoishi. "Maitu," akasema, "kuja unifundishe." Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Anaponiita hivyo siwezi kukataa, na yeye anajua.

Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe niliiacha fizikia mara tu niliporuhusiwa kuiacha. Ijumaa nilikuwa nikijifunza kile nitakachomfundisha Jumamosi. Siku nyingine za wiki nilikaa mbele ya riwaya niliyokuwa nikiiandika, ambayo haikutaka kusonga, nikisimama, nikikaa, nikifungua dirisha, nikilifunga. Nilikwenda Kiganjo nikiwaza sura yangu ya tano, nikarudi Mugutha nikiwaza karatasi za Mama, na pote nilikuwa mahali ambapo sikuwa.

Mwanzoni tulienda vizuri, kwa namna yetu. Nilimsomea: gari linaanza kutoka kusimama, na baada ya sekunde nane lina kasi ya mita ishirini kwa sekunde.

"Gari gani hiyo?"

"Gari tu, Mama."

"Inaenda wapi?"

"Tuseme Ruiru."

"Imejaa?"

"Haijalishi kama imejaa!"

"Inajalisha. Kama haijajaa haitoki stage. Hapo hesabu yako imekufa."

Lakini alijua kugawanya kuliko mimi, na ishirini kwa nane ilimtoka mdomoni kabla sijashika kalamu. Mbili na nusu. Kila sekunde gari linaongeza kasi ya mbili na nusu. Huo ndio mchapuko, nikamwambia: si mwendo wenyewe, ni jinsi mwendo unavyobadilika. Akaitikia kwa kichwa polepole, akilionja neno.

Tofauti ya umbali uliotembea na umbali uliofika nilimfundisha kwa gari lile lile. Kila mtu Thika anaijua ile hila ya stage. Gari halijajaa, dereva analingurumisha, analisogeza mbele kidogo, utingo anapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti kwamba ni mtu mmoja tu amebaki, wewe unakimbia na mizigo yako unaingia, na gari linarudi nyuma palepale lilipokuwa.

"Sasa," nikamwuliza, "hilo gari limetembea?"

"Limetembea mchana kutwa."

"Limefika wapi?"

"Halijafika mahali." Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Kama wewe na hicho kitabu chako."

Nilicheka pia, ingawa mguu ulianza tena.

Kisha tukafika kwenye mpira, na hapo tukakwama. Nilimweleza kwa kila njia niliyoiokota kitabuni. Nilimwambia dunia inauvuta mpira kwa mchapuko wa kumi ukipanda, inauvuta ukishuka, na haichukui likizo mpira ukifika juu. Nilichora mishale. Alikubali kila mshale, mmoja mmoja, kisha chini akaandika sifuri. Kitu kilichosimama kimesimama. Aliyaamini macho yake, na mtihani ulikuwa Jumamosi ifuatayo.

"Andika kumi tu," nikamwambia mwishowe. "Ukiona mpira umerushwa juu, andika kumi, kuelekea chini. Kariri."

Akavua miwani. "Nilikariri nikiwa msichana. Nikajaza kichwa kama gunia. Leo ukinifungua utapata nini humo?"

"Mama, muda hautoshi."

"Wewe ndiye hutoshi. Unafundisha kama mtu ana teksi inamngoja nje. Kama unataka kwenda Ruiru, nenda. Hiyo barabara haijafungwa."

Nilisimama. Sikwenda Ruiru, nilikwenda langoni. Nikatembea kutoka langoni hadi kwenye nguzo ya stima na kurudi, na kwenda tena, nikiwa na hasira ambayo sikujua niimwage wapi. Nilikuwa nimeiona tayari ile Jumamosi: kijana yule akimwambia kwa upole, mbele ya watu, mathe hamia bayo. Nilimwona Mama akisema sawa. Angeirudia sufuria yake, na akija fundi wa stima angempakulia bila kumtazama mikono.

Mama akatoka na beseni kumwaga maji machafu.

Barabara ya pale kwake inapanda kidogo, na imejaa makorongo tangu mvua. Mwenye mkokoteni wa maji alikuwa akija kutoka chini, mitungi imepangwa mpaka juu, shingo yake imenyooka kama ya ng'ombe wa jembe. Alikuja vizuri, kisha polepole, kisha polepole zaidi. Mbele yetu kabisa, gurudumu likagusa ukingo wa korongo, na mkokoteni ukasimama.

"Jiwe!" Mama akapiga kelele. "Weka jiwe! Jiwe!"

Mwenyewe hakuwa na mkono wa kuokotea. Mama alilitupa beseni, akaokota jiwe la msingi lililokuwa kando ya lango, akalisukuma nyuma ya gurudumu kwa mikono miwili. Mitungi ikatikisika, ikatulia.

"Asante, mathe," yule mtu akasema, akihema. "Leo ningeogea barabarani."

"Na ungeniogesha mimi. Mbona unapakia kama unahama?"

"Wateja wako ndio wanakunywa, mathe. Wewe pika chumvi kidogo."

Aliondoka baada ya kupumzika, mimi na Mama tukimsukuma kwa nyuma hadi akavuka korongo. Tuliporudi langoni nilimshika mkono.

"Mama, ule mkokoteni ulikuwa umesimama?"

"Wewe hukuona? Ulikuwa umesimama."

"Sasa jiwe lilikuwa la nini?"

Alinitazama jinsi anavyomtazama fundi anayeuliza kama githeri ina maharagwe. "Si ungerudi nyuma," akasema.

"Lakini ulikuwa umesimama."

"Ulikuwa umesimama, lakini tayari ulikuwa una..."

Mkono wake ukabaki hewani, bado una vumbi la jiwe.

"Mama."

"Nyamaza. Nyamaza kwanza, maitu."

Aliingia ndani. Nilipomfuata alikuwa ameketi mbele ya karatasi, hajavaa miwani, anaitazama sifuri yake. Akasema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: "Jiwe likishawekwa, hapo ndipo sifuri. Kabla ya jiwe, umesimama lakini unavutwa." Akaigusa picha ya mpira kwa kidole. "Na huko juu hakuna wa kuuwekea jiwe."

Jumamosi nilimsindikiza mjini. Aliingia kwenye chumba cha ghorofani pamoja na askari wa lango wa shule fulani, wasichana wawili waliokuwa wakirudia, na kijana wa bodaboda aliyeingia na kofia yake ya chuma. Mimi nikabaki kwenye ujia. Nilitembea hadi mwisho, nikarudi, nikashuka ngazi, nikapanda. Nilitembea sana asubuhi ile na sikufika mahali.

Mwalimu alisahihisha palepale, akiwaita mmoja mmoja kwenye meza iliyokuwa mlangoni. Kijana wa bodaboda alitoka akiwa amevaa kofia tayari. "Bayo," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimemwuliza. Kisha nikasikia, "Mathe, kuja."

Nilisimama kando ya mlango. Mguu ulikuwa ukitetemeka wenyewe.

"Hili la safari umeharibu," mwalimu akasema. "Gari limeenda Ruiru kwa kilomita sitini kwa saa, limerudi kwa arobaini. Kasi ya wastani umeandika hamsini. Si hamsini."

"Sitini na arobaini, katikati ni hamsini."

"Si hamsini, mathe." Akageuza karatasi. "Na hili la mpira umeandika kumi, kuelekea chini. Umekariri?"

"Sikukariri."

"Watu hukariri hili. Wakibadilishiwa swali wanalia. Nieleze."

Nilitaka kuingia nimsemee, na nikajua nikisema neno moja nitakuwa nimemwondoa humo kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mkokoteni ukisimama mlimani," Mama akasema, "unaweka jiwe mbio. Kwa nini mbio, na umesimama? Kwa sababu hata ukisimama unavutwa. Ukingoja uone unarudi, umechelewa. Sasa mpira ukifika juu ni kama mkokoteni kabla ya jiwe. Na huko juu hakuna wa kuuwekea jiwe."

Mwalimu aliweka kalamu mdomoni. Akatazama dirishani, kule chini ambako watu walikuwa wakishusha mizigo. Nilimwona akiupandisha mkokoteni mlimani kichwani mwake na kuusimamisha.

"Kaa fizikia, mathe," akasema. "Lakini hiyo hamsini ukairekebishe."

Mama hakucheka wala hakunikumbatia. Alishuka ngazi mbele yangu, mkoba kwapani, akitembea haraka kuliko nilivyomzoea. Tulirudi Kiganjo, tukapanda ile barabara ya kwake. Jiwe lilikuwa bado palepale kando ya korongo, katikati ya njia.

"Wanaacha mawe barabarani, pikipiki ianguke," akasema, kana kwamba si yeye aliyeliweka. Alilisukuma kando kwa kiatu chake cha kanisani, mara moja, mara ya pili, hadi likafika langoni. Kisha akanigeukia, uso umekunjamana kwa hasira mpya kabisa.

"Sitini na arobaini. Nieleze katikati inakosaje kuwa hamsini."

Sikujua. Nilimwambia sijui.

"Basi kaa chini," akasema. "Na huo mguu uache nje."