Nilijifunga Mkono kwa Kikwembe Nisicheze Mbele ya Mama Mkwe

Mkono wangu wa kuume haukuvunjwa na jiwe la mgodi. Watu hapa Kolwezi wakiona kiganja kinavyoning'inia huniambia pole, na mimi huitikia asante. Leo naikataa hiyo pole. Niliuharibu mwenyewe, tena mara mbili!

Nilikuwa fundi wa pampu katika karakana moja ya mgodi. Miaka ile ya Zaire, kila mahali pa kazi palikuwa na kikundi cha animation, yaani kuimba na kucheza kumsifu Mkuu wa nchi na Chama. Kukataa hakukuwapo. Msimamizi wetu, Citoyen Kabwita (citoyen ni mwananchi, ndivyo tulivyolazimishwa kuitana), ndiye aliyeongoza kikundi, na kwa sababu ya urefu wangu akaniweka mstari wa mbele.

Na ile ngoma, jamani, ilikuwa ya kiuno. Kiuno hasa!

Wakati huo mke wangu alikuwa amejifungua, na mama yake amekuja kwa treni kutoka Mutshatsha kumwangalia. Kwetu sisi, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Yeye akiingia sebuleni, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Basi Jumatano moja Kabwita akatangaza kwamba Jumanne ijayo wanakuja wageni wa Chama, na akina mama wote wa kambi watakaa viti vya mbele kwenye uwanja wa mpira. Wote!

Nikikataa, nina kesi. Nikicheza, nimemtikisia kiuno mama aliyemzaa mke wangu. Kumwambia mke? Niliona haya hata kutaja kiuno na mama yake katika sentensi moja.

Nikamweleza rafiki yangu Ilunga, aliyekuwa akifagia zahanati ya Tata Infirmier, muuguzi wa kambi, kwamba natafuta ugonjwa wa kuniokoa.

"Mguu hapana," akasema. "Bote banakuyaka na mguu, Tata Infirmier anabajua. Weye chukua mukono. Nilionaka muntu moya, alilala na mukono ku kiti, ikakufa. Haiinuke. Hata sindano hasikie."

"Ilikuwa bongo, uongo tu?"

"Hapana, ya kweli! Lakini kisha siku mbili ikarudia."

Siku mbili! Ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe. Jumapili mchana, mke na mama yake walipokwenda kumwonyesha mtoto kwa ndugu, nilikunywa chupa nzima ya lutuku, ile pombe yetu kali. Nikakaa kwenye kiti cha chuma, nikapitisha mkono nyuma ya egemeo mpaka ukingo ukakaza juu ya kiwiko, upande wa nyuma. Nikaufunga hapo kwa kikwembe, kitenge cha mke wangu, usiteleze. Nikalala mpaka jua likainama.

Kuamka, kiganja kimeanguka. Nakiambia inuka, hakisikii! Vidole navyo havinyooki. Mnajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilirukaruka mle chumbani kwa furaha, kiganja kinapigapiga huku na huku.

Kesho yake Tata Infirmier akanipima. Kunyoosha kiwiko, niliweza. Kuinua kiganja, hapana. Akanichoma sindano nyuma ya mkono, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, nisihisi kitu.

"Ilikuya namna gani?"

"Jiwe, Tata. Jiwe iliniangukia."

Akautazama ule mkono usio na hata mchubuko.

"Sikia," akasema. "Mu mukono kuko nerf moya, mushipa ya fahamu, njo inainua hii kiganja. Inazunguka mufupa hapa nyuma, karibu na ngozi. Ukiifinya, inalala. Itarudia kisha mwezi moya, pengine tatu. Lakini ukiifinya tena, mi siko Mungu."

Akanifungia kibao cha kushikilia kiganja kikae juu, akanikataza kukivua. Akaniandikia na karatasi ya kunipumzisha kazi.

Mwezi mmoja, pengine mitatu! Ilunga alikuwa amesema siku mbili. Lakini hata hilo halikunishtua, kwa maana karatasi ilikuwa mfukoni. Nikaenda kumpa Kabwita, akaisoma mara mbili.

"Citoyen, hapa banaandika asitumike kazi. Animation haiko kazi. Animation njo furaha. Toa ile kibao, inaonekana mubaya."

Ndugu zangu, nilicheza! Nilicheza kiuno chote mbele ya akina mama, nimefumba macho nisimwone mkwe, na kila nilipoinua mkono kiganja kilianguka chenyewe. Nikasikia uwanja mzima unapiga kelele. Nikajua nimekwisha, wananicheka. Kumbe wamependa! Mgeni mkubwa kuliko wote alisimama kwenye kiti chake akaiga, kiganja chini, kiganja chini.

Siku ya pili Kabwita alinipa kazi ya kuwafundisha wanaume thelathini na tisa wenye mikono mizima jinsi ya kuwa na mkono uliokufa. Tukapelekwa Lubudi, tukapelekwa mpaka Kisenge. Watoto wa kambi wakawa wananifuata wakiangusha viganja. Kile kibao kilikaa chini ya kitanda.

Hapa ndipo kosa lenyewe, na hapa naomba msinionee huruma. Mwezi wa pili kiganja kikaanza kurudi. Asubuhi moja nilishika kikombe cha chai nikakiinua mpaka mdomoni, mke wangu akalia kwa furaha. Mimi nikanuna! Kabwita akanuna kunishinda.

"Citoyen, unaharibisha. Benyewe beko na mukono muzima banaangusha muzuri kukupita. Yako sasa inaonekana ya bongo."

Nilikuwa nimezoea kushangiliwa. Wiki ileile nilikunywa tena, nikakaa kwenye kiti kilekile, nikajifunga kwa kikwembe kilekile. Hakuna aliyenilazimisha. Mara ya kwanza nilikuwa nakimbia aibu, lakini mara ya pili nilitaka sifa tu, mimi mjinga!

Mke wangu akarudi mapema, akanikuta nimefungwa kitini, nakoroma. Ikabidi niseme yote, kiuno na mama yake pamoja. Akayabeba maneno yale mpaka jikoni. Kisha mama mkwe, ambaye hakuwahi kunisemesha hata mara moja, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Tata wa mutoto! Mi siku ile sikukuona. Nilipindua kiti. Bamama bote beko na bakwe mu animation tunapinduaka kiti, tunatazama ku nyumba. Na kama ungenitumia kuku moya ya haya, ya kuniambia unasikia haya, ningebakia hapa na mutoto. Kuku moya tu! Kwa nini ulifunga mukono?"

Nikaanza kukifungua kile kikwembe kwa mkono wa kushoto na meno.

Safari hii kiganja hakikurudi. Vidole vilikakamaa, na Tata Infirmier aliponiona aligeuza uso. Ngoma nayo ikabadilishwa, wakataka wachezaji wa kuinua bendera, mimi nikawekwa nyuma, kisha nje kabisa. Pampu sikurudishiwa. Nikafanywa mlinzi, na mpaka leo nafungua geti la karakana kwa mkono wa kushoto.

Mtoto alipoanza kukaa, mama mkwe akarudi kwao. Nilikuwa nimekwisha kumpelekea kuku wa haya, na kwetu kuku huyo akishapokelewa mwiko unalegea, kwa hiyo tuliruhusiwa kuagana. Pale stesheni, kwa mara ya kwanza, alininyooshea mkono. Nikautoa wangu, ukabaki unaning'inia mbele yake kama kitambaa. Akauinua kwa mikono yake miwili, akaushikilia hivyo mpaka treni ilipopiga honi. Nililia mbele ya mkwe wangu, na hakugeuza uso.

Wewe unayesoma haya, ukifungiwa kibao, kiache hapo, hata wakikupigia makofi. Na kama kuna jambo unaona haya kumwambia mkeo, mwambie leo, kiuno au si kiuno. Mimi nilikuwa na siku sita nzima za kununua kuku. Walikuwa wanauzwa nje ya kambi, hatua ishirini kutoka kwenye kile kiti.