Kadi ya Nimisha Iliyolala Chini ya Folda

Niseme mapema: aliyechomoa ule waya ni mimi. Simu yangu ilikuwa inakata roho, soketi ya karibu ilikuwa pale kona, na kompyuta iliyochomekwa hapo ilikuwa kuukuu, ina vumbi, haina hata skrini. Nikadhani imestaafu.

Saa tatu asubuhi, Ijumaa. Kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya stesheni ya treni ya mji wa Ottapalam, Thankamani anaingia na kibebeo chake cha chakula, anavua ndala mlangoni, na kabla hajamsalimia mtu anatupa jicho kona. Taa ya ile kompyuta haiwaki.

"Nani kamzima mama yenu?" anauliza.

Nanyoosha mkono. Ananitazama, anaitazama simu yangu, anasema waandishi wa habari wamezima mambo mengi wilaya hii lakini hili la leo ni jipya. Kisha anacheka mpaka miwani inateremka puani.

Hapa wote wanamwita chechi, yaani dada mkubwa, hata mwenye kiwanda aliyemzidi umri. Ana miaka hamsini na mbili. Alianza kwa kukunja karatasi na kubandika majalada. Sasa anapanga kurasa, na kwa rupia elfu kumi na tisa kwa mwezi anazichunga folda ambazo kompyuta zote za humu, za mfumo wa Linux kama zile za shule za watoto wetu, zinazitumia kwa pamoja.

"Zamani faili lilisafiri kwa miguu," anasema huku akirudisha waya. "Mtu anabeba flashi, anapita kwa muuza chai, anapiga soga. Kadi moja ya harusi ina matoleo sita, na sisi tunachapa la saba."

Ndiyo maana akaigeuza ile kompyuta kuukuu kuwa ghala la faili. Kila kompyuta ina folda tupu iitwayo Kazi, na juu ya hiyo ndipo anapoliunganisha ghala. Ukifungua Kazi, unaona yaliyoko kona. Kila mtu ana chumba chake mle, chenye jina lake. Wengine wanaruhusiwa kuchungulia, kufuta hawaruhusiwi.

Leo kazi ni yake mwenyewe. Binti yake, Nimisha, anaolewa mwezi ujao. Kaka wa Thankamani, Gopalan, kakaa karibu na mlango na shati lililopigwa pasi ya nguvu, akisubiri kadi za kwanza, maana mjomba ndiye anayezipeleka kwa wakubwa wa familia. Na saa nne na nusu Rahu, sayari ya nuksi, anaingia. Huo ni ule muda wa dakika tisini ambao hapa kwetu hata mtu asiyeamini chochote haanzi jambo jipya. Rahu akitoka, mashine inaanza kuchapa matangazo ya sherehe za hekalu, na haitapumua mpaka Jumapili.

Thankamani anazunguka kompyuta moja baada ya nyingine akiunganisha upya. Anamaliza na ya Shaji, kijana wa michoro, aliyefika asubuhi pamoja nami, kabla ya wengine wote.

"Haya, fungua kadi," anamwambia.

Shaji anafungua Kazi. Kadi ipo, ila ni ya jana, ile ambayo jina la nyumba ya upande wa bwana harusi lilikuwa dogo kuliko la upande wa bibi harusi. Jambo hilo lilileta simu tatu za malalamiko. Shaji kashinda asubuhi yote akilikuza lile jina na kulizungushia maua. Sasa maua hayapo.

Thankamani anamwambia kaifuta. Shaji anaapa kwa mama yake. Thankamani anamwambia mama yake amwache nyumbani apumzike. Gopalan anatazama saa, anapendekeza wachape hiyo hiyo ya jana.

"Kaka, tukichapa hiyo, harusi itakuwa ya upande mmoja," dada yake anamjibu.

Thankamani anakaa. Anapepesa macho. Anamuuliza Shaji taratibu: ulipowasha kompyuta yako asubuhi, Kazi ilikuwa na nini?

"Tupu, chechi. Nikajua umesafisha folda kama kila Ijumaa. Lile faili nilikuwa nalo kwenye kompyuta yangu, nikalitengeneza, nikalihifadhi mle."

Thankamani anapiga paja lake. "Hukuandika kwenye ghala wewe. Ghala lilikuwa limezimwa na huyu bwana mwenye simu. Umeandika sakafuni, halafu mimi nimekuja nikatandika mkeka juu. Kadi ya mwanangu imelala chini ya mkeka."

Dawa ni kuukunja mkeka: kulitenga ghala na kompyuta ya Shaji. Gopalan anauliza kama kutenga nako kunahesabika kuwa ni kuanza jambo. Anaambiwa kutoa si kuanza, na akae.

Thankamani anajaribu. Kompyuta inagoma, inasema folda inatumika. Anajaribu tena, inagoma. Anageuka na kumtazama Shaji masikioni.

"Unasikiliza nini?"

Shaji anazivua spika za masikioni polepole sana. Ni nyimbo za filamu, kazijaza kwenye ghala la ofisi, ndani ya chumba alichokipa jina Risiti za Zamani. Nyimbo zinazimwa. Safari hii ghala linaachia, Kazi inabaki tupu kama asubuhi, isipokuwa faili moja katikati: kadi, pamoja na maua yake.

Gopalan alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Thankamani akalinakili faili pembeni, akaliunganisha ghala, akaipeleka kadi mahali pake. Mashine ikanguruma, na kadi ya kwanza ikatoka ingali na joto, Rahu akiwa bado njiani. Majina ya nyumba mbili yalilingana kabisa. Thankamani aliipitishia kidole mara mbili, akamkabidhi kaka yake kwa mikono yote miwili, kisha akajifuta macho akisema wino wa siku hizi ni mkali.

Chai ikaja, na ndizi za kukaanga. Nikamuuliza anataka nini baada ya haya. Anasema anataka kuzifunga zile folda tupu zisikubali kuandikwa, ili ghala likizimika kompyuta imwambie mtu ukweli badala ya kumdanganya. Kazi ya mchana mmoja.

"Na kingine?"

Kingine ni likizo. Tangu alipolianzisha ghala, hajawahi kuondoka zaidi ya siku mbili.

Akageuka kwenye kiti na kuwatazama wenzake.

"Jamani, wiki ya harusi sitakuwepo. Wiki moja tu, nicheze na mimi kwa mwanangu. Nani atanishikia folda?"

Shaji alikuwa na ndizi mdomoni. Wengine wote ghafla walikuwa na kazi nyingi mno kwenye skrini zao.