Fomu ya Mazoezi

Mwaka ule tuliletewa Sumbawanga wanafunzi sita wa udaktari kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wakae mwezi mzima katika vijiji vya ujamaa upande wa Kate, waulize habari za afya nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa muuguzi wa afya ya jamii, mtu wa Mbeya niliyeletwa huku na kazi, na ofisi ikanipa siku tatu za kuwaandaa. Sikukataa. Siku zile sikuwa nakataa kitu wala kutaka kitu. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimemzika kitinda mimba wangu, na tangu hapo nilikuwa naamka, navaa sare, nafanya kazi, nalala. Hata msibani sikulia. Majirani zangu wa Kizwite waliliona hilo, wakalisema, nami niliwasikia. Kifo chenyewe sikukiandikisha popote, mimi niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu waandikishe.

Wanafunzi walikuja na suruali za bugaluu, za kubana mapajani na pana chini, na viatu vya raizoni vya soli ndefu. Nikawafundisha kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa, wenyeji wa huku, wanavyomwamkia mtu mzima. Kijana mmoja mrefu suruali ilimkatalia katikati, akabaki hapo, si juu si chini. Wenzake wakacheka mpaka machozi. Nilijua kwamba ni jambo la kuchekesha, basi.

"Na viatu hivyo mtarudi mmebebwa," nikawaambia.

Kisha tukaingia kwenye fomu. Fomu ilikuwa imeandikwa na watu waliokaa mezani. Iliuliza kama nyumba ina choo. Nikawaambia watu wa kule wamehamishwa juzi juzi tu kutoka makazi yao ya zamani, na mtu mwenye karatasi kwao ni Serikali, atajibiwa anachotaka kusikia. "Usiulize kama wana choo. Omba kwenda kujisaidia, utajua mwenyewe."

Fomu iliuliza pia watoto waliozaliwa ni wangapi na waliokufa ni wangapi. "Hilo nalo msiulize hivyo. Mama atakutajia walio hai, kisha atakuuliza kama umekula. Mwombe akutajie majina, kuanzia mkubwa. Akifika mahali akanyamaza, usimsaidie. Usimwambie endelea. Nyamaza naye." Njia hiyo niliibuni mwenyewe kwa miaka ya kutembea vijijini, na nilikuwa najivunia.

Siku ya tatu tukafanya mazoezi. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo tuliandika kwa penseli, tukafuta, fomu ile ile akapewa mwingine. Mimi nilikuwa mama wa kijijini, nimekaa kwenye kigoda. Kwa wanafunzi wawili wa kwanza nilibuni watoto, nikawaua wengine kwa kuhara, wengine kwa homa, bila taabu yoyote. Wa tatu akawa yule mrefu. Safari hii alichuchumaa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unitajie watoto wako, kuanzia mkubwa."

Sijui kwa nini sikubuni. Labda nilichoka. Nikataja jina la mkubwa wangu. Nikataja la wa pili. Nikanyamaza.

Kijana akaweka penseli chini, akasubiri. Upepo ulikuwa unagonga dirisha la ofisi. Nilimtazama nikitaka aseme chochote, aulize choo, aulize maji, lakini hakusema. Hasira ikanipanda, ya kwanza tangu msiba. Nilimchukia kijana wa watu kwa kufanya vile vile nilivyomfundisha.

"Na wa tatu," nikasema. "Msichana. Alikufa kwa surua. Nilikuwa Kate, nachanja."

Nilichanja vijiji vizima wiki ile. Wangu nilimwacha. Nilikuwa nimejiambia huyu yuko nyumbani, nitamchanja siku yoyote.

Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Mama anaigiza vizuri huyu." Wengine wakaguna kukubali. Yule mrefu hakuguna. Aliandika mstari wake polepole, akamaliza, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi yetu, akachukua ufutio ili ampishe mwenzake.

Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hiyo usifute," nikamwambia. "Chukua kalamu ya wino."

Kijana akatafuta kalamu mfukoni, akaifungua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jina lake, mama?"

Nikamtajia. Hakulisikia. Nikalitaja tena, herufi moja moja, huku nikilia.