Sajenti Aliyezikwa Kwenye Migomba Yake

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilibisha hodi kwetu, ikaingia, ikakaa kitako. Baba aliondoka na mgambo kwenda vitani, hakurudi, na hadi leo hakuna aliyewahi kutuonyesha alipolala. Mimi nikaishia darasa la tatu. Naanza na hayo kwa sababu wiki iliyopita simu iliniita nikiwa Kanoni napakia kahawa, na mtu wa Mabira akaniambia bila hata salamu, "Mzee, yule sajenti wako wa Kambini ametutoka alfajiri." Nikaacha magunia juu ya gari, nikaruka kwenye bodaboda. Nimezika watu wengi, wasomaji wangu, na misiba mingi hurudi nayo nyumbani nikiwa mzito kama gunia la kahawa mbichi. Huu nimerudi nao nikiwa nataka kuruka. Msinihesabu kichaa. Someni kwanza, halafu mniambie kama ninyi mngekaa kimya.

Kwa walio mbali, pale Mabira, huku Kyerwa, kuna kilima ambacho wanajeshi wastaafu walikinunua kwa kuchangishana wenyewe. Walitoka kila pembe ya nchi, wakajenga nyumba nzuri za matofali, wakazungusha uzio, wakaweka geti. Sharti lao kubwa lilikuwa moja: nyumba ni ya aliyevaa sare. Akifa, nyumba inarudi kwa chama chao, anapewa mstaafu mwingine aliye kwenye foleni. Sisi majirani tukapaita Kambini. Wapo walionuna, wakasema hawa wamejitenga, wanatuona washamba. Mimi sikununa. Mtu aliyelala handakini akiwa kijana, akitaka kuzeeka karibu na wenzake wanaoelewa kwa nini anashtuka mlango ukipigwa na upepo, mwacheni azeeke. Mimi mwenyewe nimejenga kwa jasho langu, sioni wivu kumwona mwenzangu naye amejenga. Nilichokuja kukiona kibaya ni kingine, nitakifikia.

Nilimfahamu sajenti siku nilipopeleka machipukizi ya migomba waliyoyaagiza. Getini alikaa mzee mmoja mstaafu, kofia imekaa sawasawa, akanisimamisha kama nimeleta mabomu. "Simama hapo! Jitambulishe." Nikamwambia mimi ndiye mleta migomba. "Jina, utokako, shughuli!" Nikasema, "Jina limeandikwa ubavuni mwa gari, nitokako ni Kibingo, na shughuli yangu hiyo inakuchuruzikia utomvu kwenye kiatu." Nyuma yake mtu akacheka kicheko cha kutoka tumboni. Alikuwa mrefu, mvi tupu, na fulana iliyotoboka begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, afande." "Marahaba, mdogo wangu. Msamehe huyu. Yeye alistaafu, mdomo wake bado uko zamu." Tangu siku hiyo hatukuachana. Alikuwa mtu wa Songea, alipigana vita vile vile vilivyonimalizia baba, na hakuwahi kujisifu navyo mbele yangu hata mara moja.

Sasa ile migomba! Wale wazee waliipanda kwa kamba. Ukisimama mwanzo wa mstari unaona mgomba mmoja tu, mingine yote imejificha nyuma yake. Kisha wakafyeka nyasi zote, wakazichoma, wakafagia katikati ya mistari mpaka ardhi ikang'aa kama uwanja wa gwaride. Kila Jumamosi palikuwa na ukaguzi. Mnyambo yeyote, mwenyeji wa huku Karagwe, anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu mgomba hulala na nyasi miguuni, na mbolea ya ng'ombe, na maharage, na mibuni pembeni, vyote vimechanganyikana kama ndugu kwenye mkeka mmoja. Kiangazi kilipofika migomba ya Kambini ikaanza kuanguka, na Mabira nzima ikapata kichekesho cha kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sajenti akanifuata Kibingo kwa bodaboda. Nikamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi, akaitafuna amekunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, kisha akasema, "Mdogo wangu, migomba yetu imekataa amri. Inalala chini mchana kweupe bila ruhusa." Nikamjibu, "Afande, mmeivua nguo. Mgomba wa huku hautembei uchi." Akacheka mpaka akatema kahawa. "Basi mke wangu ni muasi," akasema, "maana migomba yake imesimama."

Kweli, ilisimama. Mkewe alikuwa amejifunza kwa wanawake wa Mabira kisimani. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo mkaguzi hakufika, alikuwa amebeba nyasi kwa kichwa chake, amezitandaza, amepanda maharage, ameomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe. Siku mkaguzi alipopagundua alimpa onyo kwamba eneo lake ni chafu. Yule mama akamjibu, "Afande, ukishiba ndizi za mahali pasafi, njoo unikague tena." Mwaka uliofuata Kambini nzima ikawa chafu vilevile, na mikungu ikawa inainamisha migomba. Mama huyu alikuwa ameishi kwenye nyumba za jeshi maisha yake yote ya ndoa, leo Tabora, kesho Arusha, keshokutwa Lindi. Kila alipopanda mchicha aliuvuna mtu mwingine. Aliniambia siku moja, akipalilia, "Shemeji, nimefunga mizigo mpaka mikono imeota sugu ya kamba. Hapa ndipo mahali pa kwanza nimekula kitu nilichokipanda mimi."

Mwaka jana sajenti akaanza kuugua. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kwenye kiti kati ya migomba, blanketi miguuni, na jambo lililokuwa likimla halikuwa ugonjwa. Akaniuliza, "Nikiondoka mimi, huyu anakwenda wapi? Sheria ya hapa naijua, niliipigia kura mwenyewe kwa mkono wa kulia. Songea hana mtu tena." Kisha akauliza watu wa huku wanazikana vipi. Nikamweleza kama ninavyowaelezeni. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba yake. Anayeonyesha mahali pa kuchimba ni mwenye mji, yaani mwenye nyumba na kibanja, na mwenye mji akifa ni mjane wake. Na pakishakuwa na kaburi la mume, mjane huwa ana mlinzi: mtu atakayemwondoa inabidi aruke kaburi kwanza, na hakuna mtu wa huku anayetaka kuonekana na kijiji akiruka kaburi. Nikamwambia na la mama yangu. Baba hakuwa na kaburi. Baba zangu wadogo walisema, mume wako yuko wapi, tuonyeshe, na kwa kuwa hakuwa na cha kuwaonyesha, walimtoa kibanjani na sisi watoto nyuma yake, na sufuria moja. Sajenti alivuta blanketi lake magotini. Halafu akatabasamu. "Yaani hata nikifa napangiwa lindo?" Nikamwambia, "Lindo la moja kwa moja, afande. Halina wa kukupokea." Akasema, "Basi nimelikubali."

Lakini Kambini walikuwa na mpango wao wa makaburi, na hapo ndipo wale wazee walipokosea kuliko walivyokosea kwenye migomba. Walikuwa wametenga uwanja nje ya uzio, chini ya kilima, umepimwa kwa kamba, makaburi yapangwe mistari, na vigingi vimeshapigwa. Kwao ilikuwa heshima kubwa. Kwa mtu wa Mabira, kumzika mwenye mji nje ya mji wake ni kumtupa kama mpita njia asiyejulikana. Siku ya mazishi nilipofika, wastaafu walikuwa wameanza kuchimba kule chini, na majirani walikuwa wanapanda kule juu! Wasomaji wangu, mngewaona! Wanaume na majembe na sululu, wanawake na kuni kichwani, mikungu ya ndizi, vibuyu, watu wa Mabira na hata wa Kibingo, wengine walikuwa hawajawahi kuvuka geti lile. Yule mzee wa getini alisimama, akafungua mdomo aulize jina na shughuli, akaona umati, akavua kofia akaishika mkononi. Watu wakapita mpaka nyuma ya nyumba ya sajenti, wakamwendea mjane, wakauliza swali moja tu: "Mama, tuchimbe wapi?" Naye akanyoosha kidole kwenye mgomba uliokuwa na mkungu mkubwa, pale mume wake alipokuwa akikaa na blanketi.

Kapteni mstaafu, mwenyekiti wa chama chao, akaja mbio. Ni mtu mwema, mnyoofu, sina neno naye. "Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Lakini haya ni makazi ya wastaafu, yana utaratibu. Kaburi lipo tayari. Tukianza kuzika majumbani, nyumba hii atapewa nani?" Kijana mmoja wa Mabira akamjibu kwa heshima ya kwetu, "Atapewa huyo anayekaa ndani yake, waitu." Watu wakaguna. Kapteni akasema utaratibu ni utaratibu, marehemu mwenyewe aliupitisha. Nikasimama nikasema niliyoambiwa kati ya migomba ile, nikasema na la mama yangu na sufuria yake, na sauti yangu mnaijua, haihitaji kipaza. Kapteni akaniambia kwa upole, "Mzee, nakuheshimu, ila wewe hukuvaa sare." Nikamwambia, "Baba alivaa ya sisi wote wawili." Hata hivyo hakurudi nyuma. Majembe yalisimama. Mjane alisimama palepale, mkono juu ya shina la mgomba.

Ndipo mke wa kapteni akatoka kwenye jiko la msibani, mikono imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa anamenya, kisu bado kimo mkononi. Akaja mpaka mbele ya mume wake. "Baba fulani," akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "na mimi?" Kapteni akasema, "Wewe nini tena, mama?" Akasema, "Wewe ukienda kule chini mstarini, mimi nitakwenda wapi? Nijibu hapa, watu wakisikia. Nani aliyekufulia hizo sare miaka yote? Nani aliyelala na redio sikioni mwaka wa vita asijue yeye ni mke au ni mjane?" Nyuma yake wake wengine wa Kambini wakaanza kusogea, mmoja, wawili, kisha wote, wakasimama upande wa mjane kati ya migomba, na visu vyao vya kumenyea. Mwanamke mmoja wa Mabira akapiga kigelegele. Msibani! Nilijua kuna kitu kimevunjika. Kwa upande wa wanaume, yule mzee wa getini ndiye aliyesogea wa kwanza. Aliweka kofia yake juu ya jiwe, akamnyang'anya kijana sululu, akasema, "Kapteni, mimi naomba ruhusa, na usiponipa nachimba." Kapteni alimtazama mke wake, akatazama mgomba, akafuta uso kwa kiganja. "Chimbeni," akasema. "Na mkutano wa sharti lile tunafanya hapahapa, kabla watu hawajatawanyika."

Wakaufanya! Jeneza liko sebuleni, padri amesubirishwa, wastaafu wakasimama mduara kati ya migomba wakanyoosha mikono. Mjane abaki na nyumba yake na kibanja chake mpaka siku zake ziishe, na kila atakayekufa azikwe kwenye mji wake, pale atakapoonyesha mwenzake. Hakuna mkono uliobaki chini. Kisha tukamzika sajenti, majirani wakifukia na wastaafu wakipiga saluti, na nyasi zikarudishwa juu ya udongo kama inavyotakiwa.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Makazi ya kuwatengea waliotumikia nchi ni jambo jema, na yajengwe mengine. Lakini kila mzigo alioubeba mwanajeshi ulikuwa na mtu wa pili aliyeushika upande wa nyuma, na huyo hana sare, hana cheo, hana nishani. Mkitenga kiti cha mmoja mkamsahau wa pili, mmejenga hosteli. Na sisi raia tusicheke. Ni wangapi hapa Karagwe na Kyerwa wana nyumba nzuri za bati jekundu, na wake zao hawajui kesho watalala wapi? Mwanaume anayeogopa kulisema jambo hili akiwa hai, anawaachia ndugu zake walitamke akiwa hayupo, na wao hutamka kwa sauti kubwa.

Mimi leo nina nyumba ya matofali Kibingo, yenye tangi la maji ya mvua. Nina vibanja viwili vya migomba na kahawa, ng'ombe, mashine ya kukoboa kahawa, duka la pembejeo Kanoni, na lori moja kuukuu linalowaka kwa kusukumwa. Asubuhi hii nimemshika mke wangu mkono nikampeleka kibanjani, nikamwambia achague mahali pa kaburi langu. Amechagua karibu na jikoni, anasema nisije nikasingizia sikusikia chakula kikiiva.