Karatasi Aliyoikataa Felistas Akinyi

Felistas Akinyi hakuwa mtu wa kuweka saini kwenye karatasi ambayo hajaisoma, wala chini ya maneno ambayo si kweli. Alijiwekea sheria hiyo baada ya msiba wa mumewe, Omondi. Shemeji zake walimletea karatasi wakisema ni ya gharama za mazishi, naye akasaini huku akilia. Mvua zilipoanza, alikuta shamba lake la Turwa linalimwa na watu asiowajua.

Baada ya hapo alimlea binti yake, Agness, kwa pikapu kuukuu ya milango minne. Siku za kawaida alibeba mihogo na mbao. Lakini jina lake lilikuwa pia kwenye orodha ya madereva wa kubeba wajawazito: zahanati ya kijijini ikizidiwa, kituo cha wilaya kinapiga simu, na dereva aliye karibu anakwenda. Kwa miaka mitatu hakuwahi kusema hapana. Aliacha ibada katikati, aliacha ugali mezani. Huko vijiji vya milimani kuna watoto watano wa kike waliopewa jina lake, Akinyi, na hakuna hata mmoja aliye Mjaluo.

Mwezi wa nne klachi ya pikapu iliisha. Felistas aliuza ndama, akaenda duka la vipuri la Godwin pale Bomani, akanunua klachi mpya yenye waranti ya miezi sita. Sharti lilikuwa moja: ifungwe na mmoja wa mafundi wanaotambuliwa na duka. Fundi wake wa siku zote, Kisyeri, alikuwa miongoni mwao. Jina lake lilibandikwa ukutani humo humo dukani. Kisyeri akaifunga.

Wiki ya saba, gari likipanda mlima bila hata mzigo, gia ziligoma kuingia. Kisyeri alishusha giaboksi, akatoa pleti ya klachi, akamwekea Felistas kiganjani. Springi mbili zilikuwa zimechomoka, na ribiti zilizozishikilia zimekatika.

"Hii haijaisha," alisema. "Pima unene wake, ni ule ule. Imezaliwa na ugonjwa."

Felistas aliibeba hadi dukani.

"Shikamoo, mama," Godwin alisema kabla hajaona alichoshika. Alipokiona, heshima ikapungua. "Klachi haifi yenyewe, mama. Inauawa. Ninyi akina mama mnaendesha huku mguu umepumzika kwenye pedali."

"Mguu wangu umepumzika hapa kwako tangu saa mbili asubuhi, na duka lako halijafa."

Wateja walicheka. Godwin hakucheka. Aliipokea pleti, akasema inapelekwa Mwanza kukaguliwa, arudi Alhamisi.

Alhamisi pleti haikuwa Mwanza. Ilikuwa sakafuni, imezuia mlango wa stoo usijifunge. Felistas aliiokota, akaifuta vumbi kwa kitenge chake, akaiweka juu ya kaunta.

"Mwanza ndiyo hapa?"

Sheila, mhudumu wa duka, aliinamia simu yake. Godwin hakuona haya. Alitoa boksi jipya la klachi, akaweka juu yake fomu iliyokwisha kuandikwa. Felistas aliisoma yote. Ilisema klachi iliharibika kwa sababu fundi Kisyeri aliifunga vibaya, na kwamba mteja mwenyewe alishuhudia.

"Saini hapo chini, ondoka na boksi lako," Godwin alisema. "Likiwa kosa la klachi yenyewe, hasara ni yangu. Likiwa kosa la fundi, hasara ni yake. Wewe huna hasara."

"Mimi sikushuhudia kitu kama hicho."

"Basi endelea kuishuhudia hiyo mbovu."

Huo ni wizi, na usipewe jina la upole. Mtu aliandika waranti kwa mkono wake na kuigongea muhuri wake. Siku ya kuitimiza ilipofika, aliiuza mara ya pili, na bei aliyotaka ni jina la mtu asiye na kosa. Na wateja waliokuwa wamejaa dukani walisikia yote, wakaendelea kuulizia plagi na oili.

Jioni Kisyeri alikwenda Turwa kwa Felistas. Hakukaa.

"Mama Agness, saini."

"Nisaini kwamba hujui kazi?"

"Mimi najijua. Nitamlipa Godwin kidogo kidogo. Wajawazito hawawezi kusubiri kesi yako na Godwin."

"Kesi si yangu, ni yako."

"Basi mwenye kesi ameshaifuta."

Felistas alijua kwamba Kisyeri hakukosea kuhusu wajawazito.

"Umenisamehe uongo ambao sijausema," alisema. "Sitausema."

Hakuwa na ndama mwingine wa kuuza. Alikwenda kwa afisa wa biashara. Siku ya kwanza aliambiwa aandike barua. Siku ya pili aliambiwa barua haina nakala. Siku ya tatu afisa alikuwa semina. Ndani ya siku hizo kituo kilimpigia mara mbili, naye mara zote mbili akajibu kwamba gari ni bovu. Madereva wengine wakaenda.

Simu ya tatu ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Bhoke Heche, mimba ya kwanza, anatoka damu, yuko zahanati ya mlimani. Dereva mwingine wa upande huo alikuwa amepeleka mgonjwa Mugumu. Felistas alikimbilia barabarani, akayapungia magari kwa mikono miwili yasimame. La kwanza lilipita. La pili lilipunguza mwendo, dereva akamtazama, akaongeza mwendo. Bhoke aliteremshwa mlimani kwa pikipiki, amebanwa katikati ya mumewe na dereva wa bodaboda. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa njiani, wa kiume, akafa kabla hawajafika hospitali.

Jumatano habari zilikuwa zimeenea Bomani nzima. Felistas aliingia dukani, akaiweka pleti juu ya kaunta. Godwin hakumtazama usoni. Alilisukuma boksi.

"Chukua, mama. Hakuna haja ya fomu."

Haikuchukua dakika tano. Dakika hizo tano zilikuwepo ile siku ya kwanza, zilikuwepo Alhamisi, na zilikuwepo kila siku kabla ya ile Jumatatu. Godwin alikuwa nazo muda wote na alikataa kuzitoa.

Sheila alileta daftari la kutolea mizigo. Kulikuwa na mstari mmoja: nimepokea klachi moja, mpya. Felistas aliusoma, akaangalia ndani ya boksi, akasaini.

Saa tisa mchana Kisyeri alikuwa amemaliza kufunga. Felistas alipiga simu kituoni kusema gari limepona.

"Mama Akinyi, ukikosa mara tatu unatolewa," sauti ya kituoni ilimjibu. "Omba upya mwakani."

Klachi ilibadilishwa bure, kama waranti ilivyoahidi. Ilimgharimu Felistas nafasi yake kwenye orodha, na ilimgharimu Bhoke Heche mtoto wake wa kwanza.